Kirusi Kilichokatwa Alama

Nakumbuka siku moja ya masika, nikiwa na mtoto mchanga nyumbani na kazi mpya mjini, na hadi leo nikiisimulia viganja vyangu hulowa jasho. Mwanangu, wewe mtoto wa dada yangu uliyeajiriwa maabara majuzi na unatembea na koti jeupe hata dukani, kaa kidogo nikusimulie. Koti limekupendeza, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa hofu tangu utotoni, na safari hii naomba uisikilize hofu yangu bila kunicheka.

Tulikuwa tunaishi kwa wakwe zangu, juu Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa ya zamani. Mume wangu alikuwa mwongoza wageni mlimani, kwa hiyo mara nyingi nyumba ilikuwa yetu sisi watatu: mimi, mama mkwe wangu Haikaeli, na binti yangu wa kwanza, Haika, aliyekuwa na miezi minne. Unajua kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Basi mama mkwe alikuwa akimbeba yule mtoto kama anajibeba mwenyewe. Akilia, bibi husema, "Mimi huyu nina njaa." Akicheka, "Leo nimeamka vizuri." Kila asubuhi nilimnyonyesha, nikamwacha mgongoni kwa bibi yake, nikateremka hadi Himo, kisha Moshi mjini kwenye maabara yetu.

Sasa nikueleze tulichokuwa tunafanya, maana bila hicho hutaelewa kwa nini niliogopa. Kirusi cha UKIMWI kikiingia kwenye seli ya mtu, huilazimisha seli ikitengenezee vitu viwili: protini za kujengea gamba, na nyuzi za RNA zenye maelekezo ya kuzaa virusi vingine. Lakini ndani ya seli kumejaa nyuzi za RNA za seli yenyewe, tele kupita kiasi, na za kirusi ni chache mno kati yake. Protini ile, ambayo tunaiita Gag, inatakiwa iokote uzi wa kirusi, iuzungushie gamba na kutoka nao. Inautambuaje? Mwanzoni mwa uzi wa kirusi pana sehemu iliyojikunja vitanzi vitanzi, na hiyo ndiyo alama yake. Protini nayo ina vifundo viwili vilivyoshikilia madini ya zinki, na kwa vifundo hivyo huipapasa ile alama na kuijua.

Sisi tuliikata alama. Tulitaka kuona protini itafanya nini ikikosa cha kutambua. Ikawa inajenga gamba vizuri tu, ila ndani inaingiza nyuzi za seli, vitu visivyoweza kumwambukiza mtu. Tulipopima, uzi wa kirusi haukuonekana. Tukayazoea magamba yale, tukayaita matupu. "Nipitishie matupu." "Matupu yako kwenye friji." Ukikiita kitu kitupu miezi na miezi, mkono unaacha kukiogopa, na sikulijua hilo kwa wakati ule.

Siku hiyo kichupa cha kioo chenye matupu kilinipasukia mkononi. Nilisikia sauti ndogo tu, kisha nikaona glavu imechanika na damu inatoka kwenye kidole gumba, imechanganyika na yale majimaji ya ndani ya kichupa. Nilisimama nikiutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mwenzangu Elinami alikuwa meza ya jirani. Kijana mwerevu, mcheshi, aliyekuwa ametangulia kuanza kazi ile kabla yangu. Alinivuta hadi kwenye bomba, akafungulia maji, akanipa sabuni. Hapo alifanya vyema. Kisha akaangalia kibandiko kwenye shingo ya kichupa, akashusha pumzi.

"Ah, Mama Haika, umenitisha bure. Hii si ile tuliyoikata alama? Tupu hiyo. Nawa, funga plasta, tumalizie kazi."

"Una uhakika?"

"Tumepima pamoja, si ulikuwepo? Hamna kitu humo."

Nilitaka kumwamini, mwanangu. Hujui jinsi nilivyotaka. Maziwa yalikuwa yameanza kunijaa kifuani, saa za kumnyonyesha zilikuwa zinakaribia, na neno "tupu" lilikuwa tamu masikioni mwangu. Nilifunga plasta. Nikakaa. Nikashika kazi, lakini vidole havikutii. Nilianza kujiuliza: kama protini inaijua alama, na alama haipo, uzi wa kirusi unabaki wapi? Unabaki humo humo ndani ya seli, umechanganyika na zile nyuzi nyingine. Na protini inaokota chochote. Je, chochote si pamoja na huo?

Nikainuka, nikaenda kugonga mlango wa Mzee Aminieli, mkuu wetu. Alikuwa mtu mzima wa Kilutheri hasa, mwimba kwaya, mpole hadi tulikuwa tunamwigiza akiwa hayupo. Nilimwambia. Sikumaliza sentensi, alikuwa amekwisha kusimama. Elinami akaingia nyuma yangu, akaanza kueleza kwamba ni matupu, tumepima, hakikuonekana kitu.

"Hakikuonekana," mzee alisema. "Au hakimo?"

Elinami akafuta mikono kwenye koti lake.

"Nakuuliza wewe, kijana. Kipimo chetu kikishindwa kuona, ndiyo kusema hakuna? Protini ile haikusoma shule. Haichagui kwa akili. Inagusa kila uzi, na penye alama inajikusanya upesi zaidi, basi. Ukiondoa alama, umeipunguzia upesi, hujaifunga mikono. Katika magamba mengi kiasi kile, wewe unaweza kuapa kwamba hakuna hata moja lililookota uzi wa kirusi?"

"Siwezi, mzee."

"Basi kwa nini umemwapia mwenzako mwenye mtoto?"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti tena baada ya siku ile. Alichukua koti lake, akaniongoza nje, tukapanda bajaji hadi hospitali. Njiani hakunikaripia hata kidogo. Alikuwa anaangalia saa yake tu, kisha barabara, kisha saa tena, na ule ukimya wake ulinitia woga kuliko makaripio.

Hospitalini nilichukuliwa damu, nikapewa dawa za kuzuia maambukizi, za kunywa mwezi mzima bila kuruka siku. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole. Alinieleza kwamba uwezekano ni mdogo sana, kwamba nimefanya vizuri kuja mapema. Nikawa naitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Una mtoto anayenyonya?"

"Wa miezi minne," nilisema.

Alinishauri nisimnyonyeshe hadi vipimo vya mwisho vitakapotoka, miezi kadhaa mbele. Nikamue maziwa, niyamwage. Nimnunulie mtoto maziwa ya kopo. Alisema hayo taratibu, akiniangalia, kwa sababu sote wawili tulikuwa watu wa mlimani na tulijua maana yake. Wakati ule, mama mwenye mtoto mchanga akionekana hanyonyeshi, watu walikuwa hawaulizi sababu. Walikuwa wanajijibu wenyewe. Tena wangeanza na mume wangu, kijana wa safari za siku nyingi, kisha wangenigeukia mimi, kisha mtoto asingebebwa na mtu kanisani.

Nilipanda mlima jioni ile na makopo mawili ya maziwa ndani ya mkoba, na blauzi imelowa kifuani. Kabla sijafika mlangoni nilimsikia Haika analia. Mama mkwe alitoka amembeba, anacheka, "Njoo upesi, nimelia hadi nimekauka sauti!" Akaninyooshea mtoto. Jikoni kulikuwa na mtori unachemka, kwa sababu bado alikuwa ananilisha kama mzazi wa jana ili maziwa yawe mengi.

Nilimpokea mtoto. Mwanangu, hapa nitasema ukweli mtupu. Haika alininusa, akaanza kutafuta ziwa kwa mdomo, na akili yangu ikaanza kubembelezana nami. Uwezekano ni mdogo. Daktari mwenyewe kasema. Hata kama lipo gamba moja lenye uzi, lingekwisha kufika kwenye maziwa leo leo? Mnyonyeshe mara hii moja, kesho utaanza utaratibu. Mikono yangu ilikuwa imeshafika kwenye kifungo cha kwanza.

Nikamrudisha mtoto kwa bibi yake, nikatoka mbio hadi nyuma ya jiko, nikakamua maziwa kwenye bakuli huku nasikia kilio chake, nikayamwaga kwenye shina la mgomba.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama hapo hapo na mtoto mkononi.

"Unamwaga chakula cha mtoto?" Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu asiyeelewa alichokiona. "Una nini, Mama Haika?"

Nilikuwa nimejipanga kusema ziwa lina jipu. Njia nzima kutoka Himo nilikuwa naufanyia mazoezi huo uongo. Lakini nilipomwona vile, na mtoto mwenye jina lake analia, ulimi ukakataa. Nikamwambia yote: kichupa, damu, dawa, miezi ya kusubiri. Nikamwambia siumwi, na mwanawe haumwi, na kwamba inawezekana hakuna kitu kabisa. Nikamaliza, nikabaki kusubiri anitukane.

Alimhamishia mtoto mkono wa pili. Kisha akauliza, "Hayo makopo uliyoleta, maji yake yanachemshwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende ndani ukanionyeshe. Huyu amelia vya kutosha."

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Dawa zilinitapisha, kichwa kilinizunguka, na usingizi nilikuwa nauiba kidogo kidogo. Kila kipele nilikiona ugonjwa. Haika akipiga chafya, nilimpima joto kwa shavu langu mara nyingi hadi bibi yake ananinyang'anya. Mume wangu aliposhuka mlimani nilimweleza. Alinishika mkono akakaa hivyo muda mrefu, kisha akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe wakati zizi lilikuwa limejaa majani. Hofu kila mtu huibeba kwa namna yake.

Siku moja ya soko, Mzee Aminieli na Elinami walipandisha hadi kwetu. Nilikuwa uani. Niliona kwanza jani la isale mkononi mwa mzee, limefungwa fundo, nikajua wamekuja kwa jambo gani. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikukumbushe: aliyemkosea mwenziwe akimtuma mtu mzima na isale, aliyekosewa hana ruhusa ya kufunga mlango. Isale halikataliwi. Elinami alisimama nyuma, kichwa chini, na ule ucheshi wake wote umemwisha.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama mkwe hakuitikia upesi. Alilitazama jani, akalipokea. "Marahaba. Nimepokea. Ingieni." Akawaketisha, akawapa ndizi, kisha akasema alichokuwa amekiweka moyoni. "Nimekusamehe kwa isale hili. Lakini bado sijaelewa. Mkwe wangu anasema huyo mdudu anachagua cha kwake kwa alama. Nyinyi mkaikata alama. Sasa anaogopa nini? Nielezeni kama mtu, maana mimi ndiye ninayeamka na mtoto."

Wanaume wale wawili wenye shahada waliangaliana. Nikaona nijibu mwenyewe.

"Mama, leo ni siku ya soko. Watu wangapi wamepita hapo njiani?"

"Wengi. Nitawajulia wapi idadi?"

"Umewasalimia?"

"Wote. Mimi si mnyama."

"Lakini walioingia ndani ni hawa wawili tu."

"Wameshika isale. Ningefanyaje?"

"Protini ile iko hivyo. Kila uzi unaopita inaugusa, lakini wenye alama ndio inaouingiza, tena nyuzi zenyewe huingia mbili mbili, zimeshikana. Sasa tuseme wangekuja bila isale. Ungewaingiza?"

"Huyu?" Akamnyooshea Elinami kidole. "Ningemfukuza na ufagio."

Mzee Aminieli alikohoa kuficha kicheko.

"Siku zote, Mama? Hata mvua ikinyesha? Hata pakiwa na watu wengi hapa uani, kuna shughuli, hujaangalia vizuri ni nani aliyeingia?"

Akaangalia jani lililokuwa mapajani mwake. "Pakiwa na watu wengi," alisema polepole, "anaweza kupenya."

"Ndicho ninachoogopa."

Alimwinua mtoto, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongo.

Wanawake wa jirani hawakuchelewa. Mama Anasia, aliyekuwa anaimba kwaya pamoja na mama mkwe, alipita na sukari kunisalimia, macho yakawa kwenye kopo lililokuwa mezani. "Kumbe mtoto anatumia kopo? Mama yake anaumwa?"

"Aumwe na nini?" mama mkwe alimjibu akiwa anaendelea kumenya ndizi. "Mimi ndiye niliyekataza. Huyu anashinda mjini, nami mtoto namtaka awe wangu mchana kutwa, nimlishe nitakavyo. Mtoto ana jina langu au la nani?"

"Haikaeli! Umemwachisha mtoto ziwa kwa wivu?"

"Ndiyo. Nenda ukawaambie."

Na alikwenda akawaambia. Mwanangu, yule mama alichekwa kanisani, alichekwa sokoni, alichekwa kwenye vilabu vya pombe ya mbege. Alipewa jina la bibi mwizi wa maziwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwonya kwamba anamtesa mkwewe, naye akaonywa kimya, akaitikia, akamsindikiza hadi kwenye masale yaliyopandwa mpakani. Nilimwomba aache, tutafute maneno mengine. Akaniambia, "Wewe una woga mmoja wa kukutosha. Huu niachie."

Maabara nako hawakulala. Walipima upya yale magamba kwa njia kali zaidi. Mzee Aminieli aliniita akanionyesha: mengi yalikuwa yamebeba nyuzi za seli, kama tulivyotarajia, lakini machache yalikuwa na uzi wa kirusi usio na alama. Yalikuwemo. Elinami alitoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Vipimo vyangu vya mwisho vilitoka safi. Nilisomewa majibu, nikaomba nisomewe tena, kisha nikapanda nyumbani sijui hata nilikaa na nani garini. Mama mkwe alikuwa anachuma kahawa. Nilimwita tokea njiani, "Mama, sina! Sina kitu!" Aliachia kikapu, kahawa ikamwagika, akakaa chini katikati ya mibuni akalia kwa sauti, akimwita Ruwa, Mungu kwa Kichaga. Miezi yote ile hakuwa ametoa hata chozi, na mimi mjinga nilidhani haogopi.

Nilimpa Haika ziwa jioni ile. Alilisukuma kwa mkono, akageuza uso kumtafuta bibi yake na chupa. Maziwa yenyewe yalikuwa yamekwisha kukauka. Nililia kidogo, siwezi kuficha, kisha nikampa bibi yake ampokee.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na lile jina hakulivua. Mara nyingi nilitaka kuwaeleza watu, naye akinizuia: "Ukianza kueleza, watasikia neno la ugonjwa tu, mengine watayaacha." Alipofariki, watu walijaa kihambani. Mama Anasia, mzee sasa, alisimama kutoa salamu za kwaya, na katikati ya huzuni akasema kwa utani kwamba leo tunamzika mwizi wa maziwa. Watu wakacheka ule mcheko wa msibani, wa mapenzi. Haika, msichana mzima, akacheka nao.

Nikasimama. Nilikwenda karibu na jeneza nikawaambia hakuiba. Nikawaambia kichupa kilinipasukia mimi, maziwa niliyamwaga mimi, na yeye aliibeba aibu yangu ili mjukuu wake abebwe na watu. Hakuna aliyecheka tena. Haika alikuja akanishika kiuno. Mama Anasia akanyanyuka kwenye kiti chake kwa shida, akaja akasimama upande wangu wa pili, akabaki hapo hadi jeneza liliposhushwa.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Katika kazi hiyo yako utapima vitu na watu watakuuliza majibu. Kama hukuona kitu, sema hukuona. Usimwambie mtu hakipo kwa sababu unataka atulie, au kwa sababu unataka kumaliza kazi uende nyumbani. Kidogo sana si sawa na hakuna, na aliye hatarini ndiye mwenye haki ya kuujua huo udogo ulivyo. Ukiumia, sema saa hiyo hiyo, hata kama wenzako watakuona mwoga. Ukiogopa, usiogope peke yako, tafuta mtu mmoja wa kumweleza ukweli wote. Na akija mtu kwako na hofu yake, kabla hujamfundisha chochote, muulize kwanza kama mtoto amekula.

Mungu aitunze mikono yako katika kazi hiyo, akupe macho ya kuona na unyenyekevu wa kusema usipoona. Akupe mtu wa kukusimamia siku watu watakapokusema, nawe akufanye mtu wa namna hiyo kwa mwingine. Nenda na amani, mwanangu, na glavu zako uvae mbili.